Gari Linachemsha? Anza na Swali la "Lini"

Shemeji yangu ana Carina aliyoinunua kwa mtu Dar es Salaam. Kwa miezi minne ilimpeleka Kariakoo na kumrudisha Mbagala, foleni ya asubuhi na ya jioni, jua la saa nane, bila neno. Siku tulipokwenda msibani Lushoto tukapita Chalinze, Segera na Korogwe, mshale wa joto umetulia pale pale unapotulia siku zote. Tulipokata kulia pale Mombo na kuanza kupanda, gia ya pili, watu watano ndani na magunia mawili ya mchele kwenye buti, mshale ukaamka. Kabla hatujafika Soni ulikuwa umegusa nyekundu na mvuke unatoka chini ya boneti kama chungu cha makande.

Tukasimama. Gari bovu kwetu halikai barabarani peke yake. Akasimama dereva wa Fuso, akachungulia, akatoa hukumu: gasketi imekwenda. Kijana wa bodaboda akasema hapana, rejeta hiyo imeziba, kuna mtu anauza iliyotumika Korogwe. Kisha mzee mmoja mwenye kikapu cha pea akauliza kwa upole, "Kwani wanangu, themostati hamjaitoa? Huku magari yote yanatolewa."

Watu watatu, magonjwa matatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza gari limechemsha lini na likiwa linafanya nini. Hapo ndipo fedha nyingi za wenye magari zinapopotelea. Kuchemsha ni kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa jino, inaweza kuwa kidonda kilichooza mguuni, na anayekupa dawa kabla ya kukuuliza chochote anabahatisha. Nami nimewahi kubahatishiwa. Miaka kadhaa nyuma gereji moja ilinibadilishia wota pampu, kisha rejeta, kisha feni, na gari likaendelea kuchemsha vilevile, hadi mtu mwingine aliponibadilishia mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ya sahani mbili za chipsi kuku.

Joto linatoka wapi, linakwenda wapi

Injini ya petroli ni jiko linalopoteza moto mwingi. Takriban theluthi moja tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta, na mara nyingi pungufu ya hapo, ndiyo inayosukuma gari. Sehemu kubwa ya inayobaki inatoka na moshi kwenye ekzosi, na nyingine inaingia kwenye vyuma vya injini, na ni lazima iondolewe kwa maji. Joto hilo si dogo. Ukichoma lita moja ya petroli, theluthi ya joto lake inatosha kuchemsha kama lita 30 za maji ya bomba, ndoo kubwa moja na nusu. Rejeta ya gari dogo, pamoja na mipira yake na matundu yote ya injini, inabeba lita tano hadi saba. Maana yake maji hayo machache yanapaswa kuzunguka bila kukoma: yanachukua joto kwenye injini, yanalitua kwenye rejeta, yanarudi kuchukua jingine. Mzunguko ukikatika mahali popote, dakika chache zinatosha.

Magari ya mwanzo hayakuwa na mzunguko huo. Bertha Benz aliposafiri mwaka 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, zaidi ya kilomita 100, injini yake ilipozwa kwa maji kuchemka na kupotea hewani, kwa hiyo njia nzima alikuwa akitafuta maji ya kuongeza. Sisi wenye dumu la maji kwenye buti tuna mtangulizi mashuhuri. Tofauti ni kwamba gari lake lilitengenezwa hivyo. La kwako linaumwa.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui ni kwamba maji ya rejeta hayatakiwi kuchemka kwenye nyuzi 100. Tazama juu ya mfuniko wa rejeta, utaona namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo mfuniko unaishikilia kabla ya kuiachia. Chini ya presha ya 0.9 maji yanachemka kwenye nyuzi 118 hivi, na ukichanganya na kulanti, ile dawa ya rangi ya kutia kwenye rejeta, yanapanda tena kidogo. Ndiyo sababu injini inaweza kufanya kazi kwenye nyuzi 95 au 100 siku nzima na isitokee hata povu moja.

Mpira wa mfuniko ukishakauka na kupasuka, presha haijengeki, na hapo gari linarudi kwenye sheria ya sufuria. Sheria ya sufuria inabadilika kwa mwinuko: kila ukipanda mita 300, maji yanachemka mapema kwa nyuzi moja hivi. Pwani ni 100. Lushoto ni kama 95. Nairobi ni kama 94, na Njombe chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu linaweza kukaa Dar mwaka mzima bila kusema kitu, likachemsha siku ya kwanza linapokwenda kwa wakwe milimani.

Mfuniko una ulimi mwingine mdogo katikati, wa kuruhusu maji yaliyokimbilia kwenye chupa ya akiba yarudi injini inapopoa. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama chupa ya maji iliyonyonywa, ulimi huo umekufa au bomba la kwenda kwenye chupa limeziba. Badilisha mfuniko, na ununue wa namba ile ile. Kuna watu wanapandisha namba wakidhani wanaongeza ubora, kumbe wanaongeza presha kwenye rejeta na mipira iliyozeeka.

Linachemsha lini?

Gari likichemsha kwenye foleni lakini likapoa ukishaanza kutembea, tatizo ni upepo. Ukitembea, upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Ukisimama, feni ndiyo kila kitu. Hapa usiguse rejeta kwanza. Washa AC ukiwa umesimama. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, feni lazima izunguke papo hapo. Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki kwa joto, tafuta sensa na waya zake. Isipozunguka kabisa, anza na fyuzi, kisha rilei, yaani swichi ndogo ya umeme inayoiwasha feni. Kisanduku cha fyuzi mara nyingi kina rilei mbili za aina moja, kwa hiyo azima ya honi uijaribu kwenye feni kabla hujanunua mota. Wako pia mafundi wanaoipiga feni dairekti, ikizunguka tangu unapowasha gari hadi unapozima. Kukufikisha nyumbani ni sawa. Kuiacha hivyo mwaka mzima ni uvivu unaolipiwa na mota ya feni.

Kuna hitilafu moja ya feni inayochekesha isipokuwa yako. Fundi umeme akigeuza waya mbili za mota, feni inazunguka kinyume. Kwa macho inafanya kazi, hata sauti ipo, lakini inasukuma upepo mbele kugombana na ule unaoingia. Chukua karatasi ya daftari uiweke mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Ikinata, feni inavuta, vizuri. Ikipeperuka kukurudia, umepata jibu.

Kwenye Land Cruiser, Hilux na ndugu zao wenye feni inayoshikwa na injini, katikati ya feni kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikikataa kidogo na kusimama, nzima. Ikizunguka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, mafuta yamevuja.

Hali ya pili ni kinyume chake: foleni haina shida, lakini mlimani, au kwa kasi ndefu, au ukiwa na mzigo, mshale unapanda. Hapo upepo upo wa kutosha au feni inajitahidi. Kinachopungua ni uwezo wa maji kubeba joto na kulitua. Rejeta imeziba kwa ndani kwa kutu na chokaa, au kwa nje kwa matope na wadudu. Kumbuka mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na uchafu unapenda kukaa katikati ya hizo mbili usipoonekana. Fundi anaweza kuosha mbele mpaka kukang'aa na ukuta wa vumbi ukabaki ndani. Au mapanga ya wota pampu yameliwa na kutu, yanazunguka bila kusukuma. Au mpira wa chini umelegea kwa uzee na unajifinya injini inapovuta maji kwa nguvu. Au themostati haifunguki yote. Rejeta iliyoziba kwa ndani utaijua kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na feni imetulia: sehemu moja inaunguza, nyingine karibu nayo ni vuguvugu tu. Wenye kipimo cha joto cha kulenga kwa taa hawana haja ya kuunguza vidole.

Hali ya tatu: unawasha gari asubuhi, dakika tano tu, tayari. Themostati imeganda ikiwa imefungwa, au pampu haisukumi kabisa, au hewa ya moto inapenya kutoka ndani ya silinda. Hili la mwisho ndilo ghali, nitalirudia.

Na kuna lisilo na mpangilio, leo linachemsha kesho halichemshi. Hapo tuhumu umeme wa feni, hewa iliyonaswa ndani ya njia za maji, au maji yanayopungua polepole bila mtu kuangalia. Sababu nyingine zipo pia, breki inayokamata, ekzosi iliyoziba, taimingi iliyokosewa, lakini sijaona nyingi, na zote zinajitangaza kwa dalili nyingine kabla ya joto.

Kesi ya themostati

Hiki ndicho kifaa kinachoonewa kuliko vyote kwenye gereji zetu. Hoja ya kukitoa inasikika ya busara: themostati ni ya Ulaya kwenye barafu, sisi nchi ya joto tunaihitaji ya nini? Hoja hiyo inasahau kwamba injini inataka kukaa kwenye nyuzi 90 hivi. Nje iwe 5 kama Makete au 35 kama Tanga, zote mbili kwa injini ni baridi.

Themostati ni mlango mdogo. Ndani yake kuna kikopo chenye nta; nta ikipata joto inayeyuka na kuvimba, inasukuma kijiti, mlango unafunguka na maji yanapita kwenda au kutoka kwenye rejeta. Haina umeme wala sensa. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ni nyuzi ambazo inaanza kufunguka. Kuipima ni kazi ya jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse kitako, uweke jikoni na uitazame. Ikifunguka maji yakikaribia kuchemka na kujifunga yakipoa, nzima. Isipofunguka hadi maji yanatokota, itupe.

Ukiitoa, kwanza injini inachelewa sana kupata joto lake, na kwenye barabara ndefu yenye upepo huenda isilipate kabisa. Kompyuta ya gari inaona ubaridi na kuendelea kumimina petroli kama ndiyo kwanza umewasha. Oili haipati joto la kukausha unyevu na petroli vilivyomo ndani yake. Mwenye gari anaona mshale uko chini anafurahi, huku tangi linaisha haraka na anamlaumu muuza mafuta.

La pili ndilo linalowashangaza hata mafundi. Injini nyingi za Toyota, na nyingine pia, zina njia mbili za maji: ndefu, inayopita kwenye rejeta, na fupi, inayozungusha maji ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Themostati ya injini hizo ina visahani viwili. Kimoja kinafungua njia ndefu, na kingine, wakati huohuo, kinaziba ile fupi. Ukiitoa, umefungua zote mbili daima. Maji nayo, kama watu, hupenda njia ya mkato. Sehemu yake kubwa inazunguka ndani ya injini ikiwa ya moto vilevile, na kwenye rejeta inapita iliyobaki. Kwenye foleni hutaona kitu. Kwenye tambarare hutaona kitu. Utaona mlimani, siku injini inapohitaji rejeta nzima na inapewa nusu.

Fundi tuliyemkuta Lushoto alikuwa mtu mzima, koti la bluu lililopauka, na hakuchukua spana kwa muda mrefu. Alimuuliza shemeji: foleni ya Dar inachemsha? Haichemshi. Barabara kuu je? Haichemshi. Akawasha injini, akasubiri, akaizima, akashika mpira wa juu kwa kitambaa, kisha mpira wa chini kwa mkono mtupu, akautulia mkono pale. "Juu moto, chini vuguvugu. Maji hayapiti huku, yanajizungukia wenyewe." Ilipopoa akafungua nati mbili za kikombe cha themostati. Ndani hamkuwa na kitu, ila silikoni nyekundu iliyokauka ukingoni.

"Huyu alishatibiwa," akasema. Kisha akafungua mfuniko wa rejeta, akaubonyeza kwa kidole gumba, akatuonyesha ufa kwenye mpira. Kila ugonjwa peke yake pengine usingejulikana mpaka leo. Mfuniko ulishusha nyuzi za kuchemka, njia ya mkato ikapandisha nyuzi za maji, na mlima wa Usambara ukawakutanisha.

Maji yamekwenda wapi?

Mfumo wa maji ni wa kufungwa. Ukiongeza maji kila wiki, yanavuja, hakuna maelezo mengine. Mvujo wa nje huacha alama: ukungu wa rangi ya waridi au kijani uliokauka kwenye kiungo cha mpira, au mstari wa kutu chini ya kitundu kidogo cha wota pampu, kilichowekwa makusudi ili maji yakitoka pale ujue sili yake imekufa. Zulia la mbele likiwa na unyevu na kioo kikawa na ukungu wenye harufu ya utamu, hita inavuja ndani ya gari. Gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia presha inaifunga mdomoni mwa rejeta, inapandisha hadi namba ya mfuniko, na kusubiri. Sindano ya pampu ikishuka, kitu kinavuja, na kwa kuwa injini ni baridi unaweza kulala chini ukakitafuta bila kuungua.

Isipoonekana tone nje, maji yanapita ndani, na hapo ndipo gasketi ya silinda hedi inapoingia. Gasketi hii imelala kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na hedi, kifuniko chake cha juu, ikitenganisha moto, maji na oili kwa nafasi ya milimita chache. Ikipasuka upande wa moto, hewa ya mlipuko inaingia kwenye maji: mipira inakuwa migumu kama mti dakika moja baada ya kuwasha injini ya baridi, mapovu hayakomi mdomoni mwa rejeta, maji yanafurika chupa ya akiba. Ikipasuka upande wa maji, unachoma maji: moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto, na plagi moja safi kuliko wenzake. Maji yakikutana na oili, oili inageuka chai ya maziwa.

Hilo la chai ya maziwa linahitaji tahadhari. Ukungu mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake, kwenye gari linalotembea safari fupi sehemu za baridi, ni unyevu tu. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili yake ni safi, usikubali hedi ifunguliwe kwa sababu ya mfuniko. Kipimo kizuri ni cha maji ya bluu: fundi anavuta hewa iliyo juu ya maji ya rejeta kupitia kimiminika cha bluu, na kama ina moshi wa injini, bluu inageuka manjano. Ni kipimo cha dakika chache. Kufungua hedi ni siku mbili na fedha usizotaka kuzitaja mbele ya mkeo.

Na kwa wenye gia ya otomatiki, jambo moja: mafuta ya gia boksi mara nyingi hupoozwa na bomba linalopita ndani ya rejeta ile ile. Bomba likitoboka, maji ya rejeta yanageuka uji wa waridi, na gia boksi nayo inakunywa maji. Ukiona hivyo zima hapo hapo, usijaribu kufika nyumbani.

Mshale nao hudanganya

Kwenye magari mengi mshale umetengenezwa usimsumbue dereva. Kati ya nyuzi 75 na 105 hivi hausogei, umekaa pale pale. Ukianza kupanda, injini ilishatoka salama zamani. Vitz na Passo nyingi hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu ikiwa baridi na nyekundu ikiwa umechelewa.

Baya zaidi: sensa inapima maji. Maji yakishatoka yote, imebaki inapima hewa, na mshale unaweza kushuka ghafla ukaonyesha ubaridi. Madereva wengi wamenoki injini wakiwa na amani kabisa, mshale uko chini. Ukiona umepanda kisha ukaanguka bila sababu, simama. Kwa magari ya kuanzia miaka ya 2000 na kuendelea, kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi kinachosomeka kwa simu kitakuonyesha nyuzi halisi, na nadhani ni fedha ndogo yenye faida kubwa kuliko pambo lolote la gari.

Ukiwa barabarani

Mshale ukianza kupanda, zima AC, washa hita moto wa mwisho na feni yake, fungua vioo. Utateseka, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Punguza mwendo na tafuta pa kusimama. Kama hakuna mvuke na feni inazunguka, acha injini isilensa dakika mbili tatu, maana ukizima ghafla maji yanasimama na joto la vyuma linapanda zaidi kwa muda. Kama kuna mvuke, au mshale umeshafika mwisho, zima palepale.

Usifungue mfuniko. Maji yaliyo nyuzi 115 chini ya presha, ukiyafungulia, yanageuka mvuke kwa mara moja na kuruka usoni. Nusu saa ndiyo kiwango cha chini, na mpira wa juu lazima ubonyee kwa vidole kabla hujaweka kitambaa na kuzungusha mfuniko robo ili upumue. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hata kama umati unakushauri. Hedi ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku. Ukiipoza upande mmoja ghafla inapinda au inapasuka. Kwa injini nyingi za Kijapani kupinda kunakokubalika ni milimita 0.05, wembamba kuliko unywele wa kichwani. Ikizidi, hedi inapelekwa kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso wake kwa mashine, na fundi asiyepima kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kabla na baada anakuuzia gasketi mbili, ya leo na ya mwezi ujao.

Nimewaona watu wanatia binzari, kiini cha yai, hata unga kwenye rejeta ili kuziba mvujo. Binzari inaziba kweli. Inaziba tundu, kisha inaziba hita, kisha inaziba mishipa ya rejeta.

Maji au kulanti

Ukweli usiosemwa na wauza kulanti ni kwamba maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko. Kinachonunuliwa kwenye dumu la kulanti ni vitu vingine: kuzuia kutu, kulinda sili ya pampu, na kupandisha nyuzi za kuchemka. Maji ya kisima cha Dodoma au Singida, yenye chumvi na chokaa, yanaigeuza rejeta kuwa birika la zamani ndani ya miaka michache. Kama huna kulanti, maji ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima. Ukinunua ile nzito, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, na angalia usipewe maji ya betri yenye tindikali. Rangi si kipimo. Nyekundu ya kampuni moja si nyekundu ya nyingine, kwa hiyo ukibadilisha aina, mwaga yote, suuza, ndipo ujaze. Na usiiache kwenye beseni uani. Ina utamu, na inaua mbwa, paka na watoto.

Kujaza nako kuna adabu yake. Pandisha pua ya gari kidogo kwenye kilima, fungua hita, mimina polepole injini ikiwa silensa na mfuniko wazi, na usubiri mpaka themostati ifunguke na maji yashuke ghafla. Hapo mapovu ya mwisho yanatoka. Wanaojaza, kufunga na kuondoka ndio wanaorudi kesho yake wakisema themostati mpya nayo ni mbovu.

Shemeji aliwekewa themostati ya 82, mfuniko wa 0.9, na kulanti. Disemba tulipanda tena Lushoto, magunia yakiwa matatu safari hii, simu imening'inizwa kwenye dashibodi ikisoma nyuzi. Mombo ilikuwa 86. Kona za kabla ya Soni 94, kisha 97, feni ikasikika, ikarudi 93. Alipita pale tulipokuwa tumesimama bila kupunguza mwendo. Dumu la maji bado liko kwenye buti, amekataa kulitoa.